Satchel Paige amehesabiwa, wachezaji wa Mkwakwani bado

Usiku wa Julai 9, 1948, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mchezaji mpya wa ligi kuu ya besiboli aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Mchezaji huyo mpya alikuwa na umri wa miaka 42. Wa rika lake walikuwa wameshastaafu kitambo. Yeye, Leroy Paige, aliyejulikana na wote kama Satchel, alikuwa ameshacheza zaidi ya miaka 20, lakini katika ligi ambazo wenye ligi kuu hawakutaka hata kuziangalia, kwa kuwa zilikuwa ligi za watu weusi.

Mwaka huohuo wa 1948, huku Tanga, ilizaliwa klabu ya soka ya Coastal Union. African Sports walikuwa wameshatangulia tangu miaka ya 1930, na kuanzia hapo mji ukagawanyika kama unavyogawanyika hadi leo, Wagosi wa Kaya wa Coastal upande huu, Wana Kimanumanu wa African Sports upande ule. Mkonge ulikuwa unapanda bei, bandari ilikuwa na kazi, na Jumapili watu walienda mpirani.

Kati ya Cleveland na Tanga hapakuwa na uhusiano wowote mwaka ule. Uhusiano umekuja leo, kwa jambo moja tu: Wamarekani wamerudi nyuma, wakafukua magazeti ya zamani, wakamhesabia Paige na wenzake walichokifanya uwanjani. Sisi wachezaji wetu wa zama zilezile hatujawahesabia. Na hili si jambo dogo la wapenda takwimu. Ni haki ya watu waliotupa nusu ya furaha ya mji huu, na muda wa kuwatendea haki hiyo unayoyoma.

Kwanza, Paige mwenyewe, maana bila kumjua mtu huyu hoja haikamiliki.

Alizaliwa Julai 7, 1906, Mobile, mji wa bandari katika jimbo la Alabama, pwani ya Ghuba ya Mexico. Baba yake alikuwa mtunza bustani na mama yake alikuwa dobi. Akiwa mtoto alibeba mizigo ya abiria katika stesheni ya treni kwa senti chache, na jina la Satchel, lenye maana ya mkoba, lilimganda huko. Akiwa na miaka 12 alikamatwa kwa wizi mdogo wa dukani na utoro wa shule, akapelekwa katika shule ya kurekebisha tabia ya Mount Meigs. Alikaa humo zaidi ya miaka mitano. Ndimo alimokutana na kocha Edward Byrd, aliyemfundisha kuurusha mguu wa mbele juu kabla ya kuachia mpira, mtindo ambao baadaye ulijaza viwanja.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: katika besiboli mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo na kurusha mpira mgumu kwa mpigaji aliyeshika rungu, umbali wa mita 18 na ushee. Kila shambulio huanzia mkononi mwake. Akirusha vizuri, wapigaji wanarudi benchi mmoja baada ya mwingine na mikono mitupu. Akikosea, mpira unaenda kwa mashabiki. Paige alirusha vizuri kupita karibu kila mtu aliyeishi wakati wake, na hilo lilisemwa na wazungu waliokabiliana naye katika mechi za kirafiki za nje ya msimu, wakiwemo Dizzy Dean na Bob Feller, warushaji mashuhuri wa ligi ile iliyomfungia mlango.

Alianza kulipwa mwaka 1926 huko Chattanooga, akahamia Birmingham, kisha Pittsburgh, kisha Kansas City. Katikati ya hapo alikwenda popote penye malipo. Mwaka 1937 alikwenda Jamhuri ya Dominika kuichezea timu iliyobeba jina la dikteta Trujillo. Mwaka 1938 alikwenda Mexico, na huko mkono ukamkatikia kwa maumivu. Watu wakamzika akingali hai. Wakubwa wa Kansas City Monarchs wakampa nafasi katika timu yao ya pili, ya kuzunguka vijijini, watu waje kuangalia jina lake tu. Mkono ukarudi. Mwaka 1942 alikuwa nguzo ya Monarchs walipotwaa ubingwa wa ligi za weusi.

Kwa hiyo Bill Veeck, mmiliki wa timu ya Cleveland, alipomsajili siku ya kutimiza miaka 42, hakuwa anaokota mzee wa kuchekesha watu. Baadhi ya waandishi walisema hivyo, na Paige akawajibu kwa mpira. Msimu ule alishinda mechi sita akapoteza moja. Agosti 20 watu 78,382 walijazana uwanjani Cleveland kumwona, na timu yake ikamaliza mwaka kwa kutwaa ubingwa. Septemba 25, 1965, akiwa na miaka 59, aliitwa tena na timu ya Kansas City kurusha mechi moja, akacheza vipindi vitatu dhidi ya Boston bila kuruhusu pointi hata moja. Mwaka 1971 akaingizwa katika jumba la heshima la besiboli. Alifariki Juni 1982.

Sasa ndiyo inakuja hesabu. Kwa miongo mingi baada ya hapo, kitabu rasmi cha ligi kuu kilimwandikia Satchel Paige ushindi wa mechi 28 tu. Ishirini na nane! Mtu aliyerusha kuanzia enzi za treni za moshi hadi enzi za ndege za jeti, kitabu kilimtambua kwa miaka michache ya uzeeni. Yaliyotangulia yaliachwa yaelee katika masimulizi, na masimulizi nayo yalikuwa makubwa mno. Paige mwenyewe alidai kucheza mechi zaidi ya 2,500. Hata umri wake ulibishaniwa hadi cheti cha kuzaliwa kutoka Mobile kilipoonyeshwa.

Kilichobadilisha mambo ni kazi ya watu wachache wenye subira. Walikaa na magazeti ya watu weusi, kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier, wakanakili majedwali madogo ya mechi yaliyochapwa pembeni mwa kurasa za michezo: nani alirusha, nani alipiga, pointi ngapi. Pale magazeti ya weusi yaliponyamaza, walisaka magazeti ya miji midogo. Desemba 2020 ligi kuu ya Marekani ikatangaza kwamba ligi saba za watu weusi za kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu kwa haki yake. Mei 2024 takwimu zikaunganishwa rasmi, za wachezaji zaidi ya 2,300. Ushindi wa Paige ukapanda kutoka 28 hadi 125. Josh Gibson, mpigaji aliyefariki Januari 1947 bila kuonja ligi kuu, akakaa juu kabisa ya orodha ya wastani wa kupiga wa wakati wote, akimpita Ty Cobb aliyekuwa ameikalia nafasi hiyo kwa karibu karne nzima.

Jambo la kutazamwa kwa makini hapa ni jinsi walivyokuwa wakali. Mechi za maonyesho hazikuhesabiwa. Mechi za vijijini hazikuhesabiwa. Mechi isiyo na ushahidi wa maandishi haikuhesabiwa, hata kama wazee 10 walikula kiapo. Gibson, ambaye maandishi ya kumbukumbu yake yanasema alipiga mipira ya nje ya uwanja karibu 800, katika hesabu rasmi ana chini ya 200. Paige naye, kati ya maelfu ya masimulizi, alipata 125. Na bado heshima yao imepanda, kwa kuwa safari hii hakuna wa kuibishia.

Turudi Tanga.

Mwulize kijana wa Chumbageni anayeshabikia soka nani alikuwa kipa bora wa ligi msimu wa 2023/24. Atajibu bila kufikiri: Ley Matampi, Mkongo wa Coastal Union, aliyetoka uwanjani bila kufungwa mara 15, akampiku hata kipa wa Yanga. Atakueleza pia kwamba Coastal walimaliza nafasi ya nne, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika na kutolewa na Bravos do Maquis wa Angola. Yote yamo kwenye simu yake.

Halafu mwulize kuhusu kipa wa Coastal wa mwaka 1958, au mshambuliaji wa African Sports wa mwaka 1963. Hapo simu inakata. Atakupeleka kwa babu yake, kama babu yuko hai. Babu atasimulia vizuri, tena kwa utamu: jinsi mpira ulivyopigwa ukachana nyavu, jinsi beki fulani alivyokuwa hapitiki, jinsi watu walivyopanda miti kuangalia mechi. Lakini ukimwomba mwaka, matokeo na majina ya wote kumi na moja, utamu unapungua. Katika baraza moja la kahawa bao lilelile linaweza kufungwa na watu watatu tofauti, kutegemea kikombe kimeshikwa na nani.

Hakuna wa kumlaumu babu. Kukumbuka kila kitu hakukuwa kazi yake.

Lawama, kama ipo, ni ya mpangilio wa mambo. Wakati wa mkoloni michezo iligawanywa kwa rangi kama vilivyogawanywa vitanda vya hospitali. Wazungu walikuwa na klabu zao, Wahindi zao, Waafrika zao, na magazeti ya Kiingereza yaliipa nafasi zaidi michezo ya wasomaji wake. Mchezaji Mwafrika wa Tanga wa miaka ya 1950 alikuwa kuli wa bandarini, fundi wa reli, karani wa shamba la mkonge au mvuvi. Mpira ulimpa jina mtaani, haukumpa mshahara. Tanganyika ilitwaa Kombe la Gossage mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951, dhidi ya jirani zake wa Afrika Mashariki. Ni mafanikio makubwa ambayo leo watu wachache sana wanaweza kuyataja, wachilia mbali kutaja nani aliyafunga mabao yake.

Baada ya uhuru mambo yaliboreka, lakini si kwa upande wa kumbukumbu. Ligi ya taifa ilianza 1965, bingwa wa kwanza akiwa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Orodha ya mabingwa tunayo. Tunajua kwamba hadi kufikia 1988 ni klabu mbili tu kutoka nje ya Dar es Salaam zilikuwa zimeubeba ubingwa huo, Mseto ya Morogoro mwaka 1975 na Tukuyu Stars mwaka 1986, kisha Coastal Union wakawa wa tatu. Mwaka ule wa 1988 Tanga ililala ikiimba. Ila bingwa ni mstari mmoja tu wa orodha. Ndani ya mstari huo kuna mechi za msimu mzima, kuna waliofunga, waliotoa pasi, waliotolewa kwa machela na waliokaa benchi kusubiri dakika ambayo haikuja. Hao wako wapi?

Baadhi twawajua kwa sababu waliendelea kuonekana. Juma Mgunda, mshambuliaji wa kizazi hicho, aligeuka kocha, akaifundisha Coastal, na Septemba 2022 Simba wakamwita kushika timu yao. Mohamed Mwameja aliondoka Coastal akaenda kuwa kipa wa Simba na wa Taifa Stars, na ndiye aliyekuwa langoni Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan, ikatoka sare ya bila kufungana ugenini na kufungwa mbili bila nyumbani mbele ya Rais Mwinyi. Hussein Mwakuruzo na Razak Yusuf, aliyebandikwa jina la Mbrazili Careca, bado wanatajwa vijiweni. Hata hivyo hakuna daftari la umma ambalo mtoto wa Makorora anaweza kulifungua akaona Mgunda alifunga mabao mangapi kwa Coastal, au Mwameja alicheza mechi ngapi hapa katika uwanja wa Mkwakwani bila kuokota mpira wavuni. Matampi anayo kumi na tano yake. Mwameja, kwa msimu wa ubingwa, anayo sifa tu.

Ulinganisho mwingine unauma zaidi. Juni 7, 1975, katika uwanja wa Edgbaston, Birmingham, timu ya Afrika Mashariki ilicheza na New Zealand katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume. Ilikuwa timu ya mchanganyiko wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, na katika kikosi chake walikuwamo Watanzania wawili, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Mrushaji wake mmoja alikuwa Mganda John Nagenda, ambaye baadaye alikuja kujulikana kama mwandishi wa riwaya na mshauri wa Rais Museveni. Siku ile Nagenda alirusha ova 9, akatoa mikimbio 50, akapata wiketi moja. New Zealand walipata 309, Afrika Mashariki 128, mchezo ukaisha. Ilikuwa mechi yake pekee katika mashindano yale.

Tunayajua haya yote, mpira kwa mpira, kwa sababu Waingereza walikuwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu. Mwafrika wa Mashariki akicheza mchezo mmoja Birmingham anaandikwa milele. Mwafrika wa Mashariki akicheza miaka 15 Mkwakwani, mbele ya watu wake mwenyewe, anabaki jina la utani. Hali hii haikubaliki, na haina sababu ya kuendelea.

Wapo watakaosema: mji una matatizo ya maji, ajira na barabara, nanyi mnataka kuhesabu mabao ya marehemu? Swali hilo lina haki yake. Jibu ni kwamba kazi hii haihitaji bajeti ya kujenga barabara. Ya Marekani ilianzishwa na watu binafsi, walimu na wapenzi wa mchezo, wakifanya kwa miaka mingi jioni na siku za mapumziko kabla ligi yenyewe haijawaunga mkono. Na mji unaojua kuimba ubingwa wa 1988 kila unapodhalilishwa na timu za Dar es Salaam hauwezi kusema historia hiyo haina thamani kwake.

Wengine watasema Tanga si watu wa maandishi, ni watu wa masimulizi. Hapa ni lazima kukataa kwa nguvu zote. Tanga ni miongoni mwa miji ya kwanza ya Tanganyika kuwa na gazeti la Kiswahili. Kiongozi lilikuwa likichapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani hapa mjini miaka ya mwanzo ya karne ya 20, likiandikiwa barua na walimu na makarani kutoka kila pembe ya koloni, hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alifanya jambo ambalo ndilo hasa tunalolidai leo: alimwendea Siti binti Saad, mwimbaji ambaye kila mtu alimjua na hakuna aliyemwandika, akakaa naye muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950, na akaandika wasifu wake. Mwimbaji yule alizaliwa Fumba akiwa masikini, akaimba hadi sauti yake ikaingia kwenye santuri. Bila kalamu ya mtu wa Tanga, sehemu kubwa ya maisha yake ingebaki midomoni mwa watu waliokwisha kufa. Kwa hiyo hatuigi Marekani. Tunarudia kazi ya mwenzetu, safari hii kwa wachezaji.

Na vifaa vya kuanzia vipo. Mambo Leo lilitoka kila mwezi tangu 1923. Tanganyika Standard lilianza 1930, Baraza la Nairobi 1939, Ngurumo 1959, Uhuru 1961. Magazeti haya yamo katika Nyaraka za Taifa na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kurasa za michezo za Uhuru za miaka ya 1960 hadi 1980 zina matokeo ya mechi za mikoani, mara nyingi yakiwa na majina ya wafungaji na dakika. Mtu akizipitia kwa utaratibu atapata mifupa ya kazi yote. Nyama zitatoka hapa: picha za timu zilizotundikwa sebuleni, kadi za uanachama, barua za usajili, vyeti vya kazi vya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambalo nalo kwa bahati liliundwa mwaka huohuo wa 1948.

Masimulizi ya wazee yachukuliwe pia, lakini yachukuliwe kwa masharti. Mzee arekodiwe peke yake kwanza, asikae na wenzake watakaomrekebisha kila neno. Aulizwe alichokiona kwa macho yake, si alichosikia. Likipatikana bao ambalo mzee wa Coastal na mzee wa African Sports wote wawili wanalitaja, kila mmoja kwake, hilo liandikwe kwa wino. Lililotajwa na upande mmoja liandikwe kwa penseli, likingojea gazeti. Wamarekani walikubali kwamba hesabu yao ya ligi za weusi imekamilika kwa takriban robo tatu tu, na wakaichapisha hivyo hivyo, wakiongeza kila kinapopatikana kipya. Daftari lenye mapengo yaliyoonyeshwa wazi ni bora mara nyingi kuliko jarida la maadhimisho lililojaa sifa.

Tatizo kubwa litakuwa watu kujishusha. Yupo mchezaji wa zamani anayeheshimiwa mtaani kwa mabao 40 ya msimu mmoja, na gazeti litasema ni 11. Itauma. Lakini mabao 11 katika ligi ya wakati ule, kwenye uwanja wa vumbi, baada ya zamu ya usiku gatini, ni jambo la kumpigia mtu saluti. Linaweza kusimama karibu na rekodi za leo bila kuona haya, maana hata mabao 26 ya Mohamed Hussein 'Mmachinga' wa Yanga, mwishoni mwa miaka ya 1990, yanaheshimiwa hivi kwa sababu ni namba inayojulikana na inayoweza kushindaniwa. Mabao 40 ya kijiweni hayashindaniwi na mtu. Yanachekwa tu na watoto wa leo.

Kazi hii ni ya nani? Klabu zenyewe zina deni la kwanza, Coastal na African Sports, na hapa utani wa jadi uwekwe pembeni, kwa kuwa mechi ya watani haiwezi kuandikwa na upande mmoja. Mwaka 2016 zote mbili zilishuka daraja pamoja, na Mgambo nayo, Tanga ikabaki bila timu hata moja ligi kuu. Msiba ule uliwakalisha watu jamvi moja. Chama cha soka cha mkoa kina deni la pili, kwa sababu ripoti za mechi zilipita mezani kwake. Makumbusho ya Urithi ndani ya boma la zamani yana nafasi ya kuhifadhi na kuonyesha. Walimu wa historia wa Usagara, Galanos na Tanga Ufundi wana jeshi la vijana wenye simu zinazorekodi sauti, na mwanafunzi mmoja akipewa mzee mmoja kwa likizo moja, mkoa mzima unafunikwa, kuanzia Pangani hadi Mkinga, Muheza, Korogwe na Lushoto.

Kuna na suala la pesa ndogo lakini la lazima: nauli na malazi ya watu wawili au watatu watakaokwenda Dar es Salaam kukaa na majalada ya Uhuru kwa wiki kadhaa, wakipiga picha kurasa za michezo. Mfanyabiashara mmoja wa mji huu anaweza kuligharamia hilo bila kutikisika. Wapo wanaotoa zaidi ya hapo kwa jezi za bonanza la siku moja.

Pa kuanzia ni msimu wa 1988. Mashahidi wake wengi wako hai na wana nguvu, magazeti yake hayajachakaa, na kufikia 2028 ubingwa ule utakuwa umetimiza miaka 40. Iandikwe kwanza ratiba nzima ya msimu ule, mechi kwa mechi, nyumbani na ugenini, kikosi cha kila mechi, wafungaji na dakika. Kisha kazi irudi nyuma mwaka mmoja mmoja, 1987, 1986, hadi 1965 ligi ilipoanza, na kutoka hapo kuelekea 1948 na miaka ya 1930, ambako gazeti litakuwa haba na picha ya sebuleni itakuwa ndiyo jalada. Picha hizo zikusanywe mapema kuliko vyote, zipigwe picha upya, na majina yaandikwe kutoka kushoto kwenda kulia, waliosimama na waliochuchumaa, na yule kijana wa pembeni aliyeshika mpira.